Kambare Anayejikuna

Kitu cha kwanza alichokiona Marvalee Sikes kwa Colby Ledbetter ni midomo.

Wasichana wengine wa Chuo cha Bascombe waliona mabega kwanza. Wengine waliona zile nywele za rangi ya nyasi kavu. Marvalee aliona midomo, kwa sababu kila Jumamosi, kabla ya kurusha ule mpira wa Kimarekani, Colby aligeukia pembeni ya uwanja, akamkazia macho yeye, na midomo yake ikacheza bila kutoa sauti. Kisha akarusha. Kisha uwanja ukalipuka kwa kelele.

Ilikuwa hivyo tangu Septemba. Timu haikufungwa hata mara moja, na midomo haikuacha kucheza.

Sasa niambie. Msichana mwenye haya, aliyejificha ndani ya vazi la samaki mrefu kama mlango, akitazamwa hivyo na mrushaji mkuu wa timu wiki baada ya wiki, afikirie nini? Alifikiria hicho hicho unachofikiria wewe.

Jumamosi iliyopita, gazetini humu, tuliachana mahali pabaya. Ilikuwa mapumziko ya mechi ya mwisho wa msimu, Bascombe na maadui wao wa siku zote, Korongo wa Ardley. Mji mzima wa Sweetgum ulikuwa uwanjani, na waliokosa viti walikuwa nje wamepanda juu ya pikapu zao, katikati ya moshi wa mbavu za nguruwe. Bascombe walikuwa nyuma. Ndipo Colby alipotoka chumba cha wachezaji, akapita katikati ya bendi ya matarumbeta, akagongana na ngoma kubwa, akaja moja kwa moja kwa kambare. Akamshika mapezi yote mawili. Akainama kwenye mdomo wa samaki, pale penye wavu ambao Marvalee huonea nje.

"Kuna jambo nataka kukwambia tangu Septemba," akasema.

Nafasi ikaisha hapo. Haya, shikeni viti vyenu.

"Ukijikuna kulia," Colby aliendelea, "mimi nauawa."

Moyo wa Marvalee, uliokuwa umeshapanda mpaka kooni, ulikwama huko huko.

"Yule beki wao wa kulia si mtu, ni lori la takataka. Umeona kipindi cha kwanza? Umejikuna kulia, nimerusha kulia, nikalala chini. Umejikuna kulia tena, nikarusha tena, nikalala tena. Nimekula nyasi mpaka nimeshiba. Nakuomba, bosi. Jikune kushoto. Au rukaruka, nikimbie nao mwenyewe."

Bosi!

"Najua huruhusiwi kusema. Sikia tu. Na hongera kwa msimu mzima. Sijui wewe ni nani humo ndani, mzee, lakini kwa mpira una kichwa!"

Akampiga kambare kofi la kirafiki tumboni, akarudi mbio alikotoka.

Mzee! Alimwita mzee!

*

Kwa aliyelipata gazeti hili leo tu, nyumbani kwa jirani au limefungiwa karanga, maelezo ni mafupi.

Timu ya Bascombe inaitwa Kambare, na kila mechi huwa na kambare wake pembeni ya uwanja, mwenye masharubu ya mpira wa bomba na mkia wa kufagia njia. Aliyemo ndani hajulikani mpaka mechi ya mwisho iishe. Hapo huenda katikati ya uwanja na kuvua kichwa mbele ya watu wote. Kabla ya hapo hasemi neno. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini jaribu uone. Kuna mwaka kambare mmoja alimkanyaga bibi akasema "samahani," basi Bascombe wakafungwa mechi zote zilizobaki, na yule bibi akahamia Tennessee kwa aibu.

Kazi hiyo ilimfaa Marvalee kama aliyepimiwa. Huyu ni msichana ambaye mwalimu akimwuliza jina lake darasani, huangusha kalamu na kuitafuta chini ya meza mpaka mwalimu aulize mwingine. Ndani ya samaki alikuwa anacheza, anakumbatia watoto, anawatingishia Ardley makalio. Alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kasoro ilikuwa moja. Kiangazi chote vazi lile lilihifadhiwa kwenye banda la kuku la mke wa mchungaji, na liliporudi lilirudi na utitiri. Marvalee alijikuna kulia, alijikuna kushoto, na ukimzidi aliruka. Watazamaji walidhani ni ngoma mpya. Watoto walikuwa wanaicheza mitaani.

*

"Amesemaje?" Tansy alimvuta chini ya majukwaa na kumvua kichwa kabla hata hajafika gizani. Tansy Grubbs ndiye aliyemwongoza kambare kwa kumshika pezi, maana samaki haoni miguu yake. Pia ndiye aliyesema kwa niaba yake, na alisema kwa niaba ya watu sita. "Haraka, niambie! Amekuomba mtoke? Amekubusu? Nimeona ameinama!"

"Ameniomba nijikune kushoto," Marvalee alinong'ona.

Tansy alifikiri kidogo. "Mimi sijui tena mapenzi ya siku hizi yakoje."

"Tansy, si mapenzi. Nikijikuna kulia, anarusha kulia. Nikiruka, anakimbia. Anafikiri namwagiza."

"Nani amwagize? Wewe?" Tansy alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa anakumbuka mechi moja moja, na uso wake ulikuwa unabadilika rangi kwa kila mechi. "Ee Mungu wangu. Mechi ya mvua. Ulikaa chini ukipumzika."

"Nilichoka."

"Wakapiga mpira katikati ya nguzo! Tukashinda!"

Kisha Tansy akamrudishia kichwa chake, akamshika pezi na kumburuta mpaka kwa Dewitt Odom.

Dewitt alikuwa mlinzi wa mbele, ile aina ya kijana anayeingia mlangoni kwa ubavu. Alikuwa amekaa nje ya chumba cha wachezaji, mguu mmoja ndani ya ndoo ya barafu, mkono mmoja ndani ya mfuko wa karanga za kuchemsha. Yeye na Colby walilala chumba kimoja bwenini.

"Dewitt, kwa nini Colby anamtazama samaki?" Tansy aliuliza.

Karanga ikampalia. Tansy akampiga mgongoni. Ilikuwa kama kupiga ukuta.

"Amekwambia nani?"

"Dewitt!"

"Sawa, sawa! Ilikuwa utani!" Alitazama huku na huku. "Unajua mambo ya mabango. Kocha hapigi kelele, wavulana watatu wanasimama pembeni na mabango ya picha. Mmoja ndiye wa kweli, wawili ni wa kuwapumbaza wapinzani. Sasa Agosti, Kocha anatueleza yupi ni wa kweli, Colby yuko chooni anatapika. Alikula mayai ya siki ya kituo cha petroli."

"Mayai ya siki ya kituo cha petroli?"

"Nilimkataza. Basi anarudi, uso kijani, ananiuliza, 'Dewitt, wa kweli ni yupi?' Nikamwambia, kambare."

Kambare mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, masharubu yakimtetemeka.

"Mtu yeyote mwenye akili angejua ni utani," Dewitt alijitetea.

"Lakini Colby?"

"Ndiyo. Hapo ndipo nilipokosea."

"Na hukumwambia ukweli?"

"Tulishinda, Tansy!" Dewitt alitoa mguu kwenye barafu kwa uchungu. "Wewe ungebadilisha kitu, timu inashinda? Baba yangu hajanyoa ndevu tangu Septemba. Shangazi yangu anakuja mechi na taji la maua ya mazishi kichwani kwa sababu mechi ya kwanza alitokea msibani. Mji mzima umeshika pumzi, na mimi niende kuchokoa? Samahani, mzee," akamwambia kambare. "Kazi nzuri, lakini."

"Na Kocha hajui?"

Hapo Dewitt aliweka mfuko wa karanga chini. Tansy alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa, maana hakuwahi kumwona Dewitt akiweka chakula chini.

"Tuliposhinda, Kocha alisema Colby ana kipaji, anabuni. Leo tunafungwa, amekumbuka kwamba huo ni ukaidi. Amemwambia sasa hivi mbele yetu sote: 'Ledbetter, nakuhesabia makosa. Usipofuata ninachoagiza leo, unavua jezi yangu na hutaivaa tena maisha yako.' Unajua Colby amejibu nini? 'Kocha, mimi nafuata maagizo yako tu.' Na akamkonyeza! Kocha karibu ameze filimbi."

"Mwambie sasa, basi! Mwambie Colby!"

"Nimwambie amekuwa akitii samaki anayewashwa? Katikati ya mechi ya Ardley? Hujui warushaji wewe. Wakishtuka wanakuwa kama farasi, hawarudi njiani tena." Filimbi ililia uwanjani. Dewitt akaanza kuvaa kiatu huku akiugulia. "Msinitaje. Nina mama."

"Ngoja! Mwenye bango la kweli ni yupi leo?"

"Mwenye soksi za kijani. Sufuria ni kushoto, ng'ombe ni kulia, trekta ni kukimbia." Alichechemea hatua mbili, akageuka. "Siku njema kwenu."

*

Sasa nitawaambia siri ambayo hata Tansy hakuijua.

Marvalee Sikes hakujua mpira.

Usicheke. Katika mji wa Sweetgum, Alabama, mtoto hujua jina la kocha kabla ya jina la babu yake. Harusi hazifungwi Jumamosi za vuli. Mtu akizikwa siku ya mechi, waombolezaji huwa na redio mfukoni. Na Marvalee, aliyezaliwa humo na kukulia humo, hakuwa amewahi kuelewa kwa nini wanaume wanapanga mstari, wanaangukiana, wanaamka, wanapanga mstari tena. Alipokuwa mdogo aliona haya kuuliza. Alipokua aliona haya zaidi. Alijifunza kupiga makofi wengine wakipiga.

Na huyu ndiye aliyeongoza msimu wa ushindi.

Lakini haikuwa hiyo iliyombana kifua. Kilichombana ni Colby na jezi yake. Kila akijikuna, jezi inakaribia kuvuliwa. Na dawa ilikuwa moja rahisi, aambiwe. Lakini akiambiwa hatamtazama tena. Na samaki hasemi.

Kipindi kikaanza. Marvalee akaamua kutotikisika.

Alisimama kama nguzo. Utitiri ukajua. Ulitoka kila pembe ya vazi, ukafanya mkutano mgongoni mwake. Marvalee aliuma meno, machozi yakamtoka, hakusogeza hata pezi.

Colby alimtazama. Akasubiri. Akapokea mpira, akamtazama tena.

Kambare amesimama kimya. Basi Colby naye akasimama kimya, mpira kifuani, kama anayepigwa picha.

Lori la takataka likampitia juu.

"Sufuria!" Kocha Sizemore alipiga kelele mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Alikuwa mtu mfupi, mwekundu, anayetafuna barafu siku nzima. "Nimeagiza sufuria! Nani amekwambia usimame? Unangoja basi?"

"Nimefuata agizo, Kocha!" Colby alijibu akitema udongo.

Marvalee akajaribu njia nyingine. Akageuka, akawapa mgongo, asisomeke. Lakini samaki akigeuka, mkia unabaki. Mkia ukayumba nyuma. Colby, mtoto mtiifu, akakimbia na mpira kinyumenyume, akirudi upande wa goli lake mwenyewe, huku maelfu ya watu wakipiga ukelele wa aina moja.

"Huko siko!" mzee mmoja alilia jukwaani. "Huko ni kwetu!"

Dewitt alimkamata kwa ukosi kabla hajafika mwisho.

"Ledbetter!" Kocha alishatupa kofia chini na alikuwa anaikanyaga. "Bado moja! Umesikia? Bado moja!"

Marvalee akajificha nyuma ya mapipa ya maji.

Colby aligeuka, asimwone. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainua mikono kuomba mchezo usimame.

"Samaki yuko wapi?" akamwuliza refa.

"Samaki gani?"

"Samaki wetu. Siwezi kucheza bila samaki."

"Kijana, umegongwa kichwa? Hivi ni vidole vingapi?"

Jukwaani minong'ono ilishaanza. Kambare kapotea! Mwanamke mmoja alianza kuomba kwa sauti. Tansy akaja mbio nyuma ya mapipa, akapiga magoti kwenye matope.

"Toka, utaua watu! Bibi za watu wanazimia huko juu!"

"Sitoki," ilisema sauti ndogo kutoka kwenye mdomo wa samaki. "Nikitoka atafukuzwa. Nisipotoka atafukuzwa."

"Marvalee, fikiri. Una macho, sivyo? Tazama soksi za kijani."

Marvalee akachungulia. Mvulana mwenye soksi za kijani alikuwa ameinua bango. Sufuria.

Sufuria ni kushoto.

Akatoka nyuma ya mapipa. Uwanja ukashangilia kama mfu kafufuka. Akasimama wima, akanyoosha pezi, akajikuna kushoto.

Uso wa Colby ukang'aa. Midomo ikacheza, na sasa Marvalee aliweza kuisoma vizuri. *Ku-sho-to. Ku-sho-to.* Ndicho alichokuwa akisema siku zote. Wala haikuwa shairi.

Akarusha kushoto. Bao.

*

Kuanzia hapo, jamani, ilikuwa raha tupu.

Ng'ombe akiinuliwa, kambare kulia. Trekta, kambare anaruka. Sufuria, kushoto. Kocha anaagiza, bango linasema, samaki anajikuna, Colby anatenda. Agizo lilizunguka njia ndefu lakini lilifika. Beki wa kulia wa Ardley alibaki anakimbilia upande ambao mpira haupo, ulimi nje.

"Hatimaye!" Kocha Sizemore alikuwa anacheka peke yake, barafu ikimdondoka mdomoni. Akamkumbatia mtu wa karibu, ambaye alikuwa mpiga picha wa Ardley. "Hatimaye mtoto amejifunza kusoma! Nilijua! Kutishwa kidogo tu!"

"Uko sawa?" Tansy alinong'ona.

Kambare aliinamisha kichwa mara moja. Ndani, Marvalee alikuwa anatabasamu, jasho likimwingia machoni. Aliwaza kwamba itawezekana kumaliza hivi. Colby atabaki na jezi yake. Hatajua kamwe. Na ataendelea kumtazama yeye mpaka filimbi ya mwisho.

Walibaki nyuma kwa bao moja tu. Saa ya uwanja ilikuwa imebakiza pumzi chache, mpira ukiwa karibu na mstari wa Ardley hivi kwamba ungeweza kuwarushia karanga. Mchezo mmoja. Watu hawakukaa tena. Bendi iliacha kupiga katikati ya wimbo.

Kocha Sizemore aliingiza kipande cha barafu mdomoni. Akamnong'oneza mvulana wa soksi za kijani kwa muda mrefu. Mvulana akatoa macho. Akainama, akatafuta chini kabisa ya rundo la mabango, akaibuka na moja ambalo halikuwahi kuinuliwa mwaka mzima.

Akaliinua.

Lilikuwa picha ya bibi kizee, amevaa miwani, amekaa kwenye kiti cha kuyumba.

Marvalee alilitazama. Akalitazama tena. Bibi akamtazama naye.

"Tansy," alinong'ona. "Bibi ni nini?"

"Sijui!"

"Dewitt hakusema bibi!"

"Hakusema! Labda ndiyo ile ya Alhamisi. Alhamisi Kocha alifunga mageti, akawafundisha kitu, wakaapishwa wasiseme!"

Alhamisi. Basi Colby alikuwepo. Colby anaijua. Angepepesa jicho mara moja tu upande wa soksi za kijani, angemwona bibi, akajua la kufanya. Lakini Colby hakupepesa. Alikuwa amesimama nyuma ya Dewitt, mikono tayari, shingo imegeuka, macho yake ya bluu yameganda kwa kambare, mwaminifu kama mbwa mlangoni.

Hakukuwa na namna ya kumkuna bibi.

Marvalee alijaribu. Alionyesha kwa pezi kuelekea kwenye bango. Pezi fupi lilipunga kidogo tu, na Colby akakunja uso. Alijaribu kuinama kama kizee. Dewitt, aliyemwona kwa mbali, alifumba macho. Alijaribu kuyumba kama kiti. Midomo ya Colby ikaanza kucheza, kwa wasiwasi. *Ku... ku-lia? Ku-ruka?*

Kocha alikuwa anatazama, kidole kimoja juu. Bado moja.

Colby akainua mkono kuomba mpira.

Na Marvalee Sikes, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani, ambaye huvuka barabara ili asisalimiane na watu, akakimbia kuingia uwanjani.

*

Mkia ulimkumba Tansy, ukamwangusha. Masharubu yalipeperuka. Alimpita Kocha, akapita mbele ya mstari wa Korongo, na lile lori la takataka likaruka pembeni kwa hofu, likijifunga mikono kichwani. Filimbi zililia tatu kwa pamoja. Vitambaa vya njano vya marefa, vya kuonyesha kosa, viliruka kila upande, kimoja kikanasa kwenye jino la samaki.

"Huyu kambare amerukwa na akili!" mtu alipiga kelele.

Alifika mbele ya Colby, akajikwaa, akapiga magoti. Refa alifika naye hapo hapo, akihema, akamshika pezi kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alishika kidude kiunoni mwake, kile wanachobonyeza marefa wa vyuo wanapotaka kuutangazia uwanja mzima ni nani kakosa. Akabonyeza. Vipaza sauti juu ya nguzo vikanguruma.

"Kosa," sauti yake ikaenda mpaka kwenye pikapu za nje. "Kosa la... la... samaki."

Akasahau kukizima kidude.

Marvalee hakujua kwamba kidude kinafanya kazi. Alijua tu kwamba Colby ameinama, uso karibu na wavu, na kwamba ana macho ya mtu anayesubiri agizo.

"Colby," akasema.

Neno lile lilitoka kwenye vipaza sauti vyote.

Watu walishika vifua. Samaki amesema! Shangazi yake Dewitt alivua taji la maua akalitupa. Kocha Sizemore alikaa chini, juu ya kofia yake. Na kutoka jukwaa la mashariki mwanamke mmoja aliinuka, chai baridi ikimmwagikia gauni, akapiga yowe: "Sauti hiyo! Huyo ni mwanangu Marvalee! Jumamosi zote ananiambia yuko maktaba!"

Colby alirudi nyuma hatua. "Wewe ni msichana?"

"Colby, sikiliza. Hukutakiwa kunifuata mimi. Dewitt alikutania."

"Lakini maagizo..."

"Hakuna maagizo. Najikuna kwa sababu humu ndani mna utitiri wa kuku." Sauti yake ilitetemeka, na kila mtetemeko ulirudi mara mbili kutoka kwenye nguzo. "Mpira wenyewe siujui. Sijui hata kwa nini mnaangukiana."

Kicheko kimoja kilitoka mahali, kikafa. Colby alikuwa amefungua mdomo. Alimgeukia Dewitt, na Dewitt alikuwa anatazama mawinguni kwa makini sana.

"Msimu mzima?" Colby aliuliza polepole. "Kushoto na kulia, zote?"

"Zote. Na Kocha akikuona unanitazama tena, atakuvua jezi. Kwa hiyo mtazame yule mvulana mwenye soksi za kijani. Ameinua bibi. Wewe unamjua huyo bibi, mimi simjui. Mtazame yeye. Mimi usinitazame tena."

Colby aligeuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba, alitazama mabango.

Refa alikuwa anapapasa kiunoni, akitafuta pa kuzima. Saa ilikuwa imesimama juu ya ubao, na muda uliobaki haukutosha hata kupiga chafya. Ardley walikuwa wanapanga mstari wao. Jukwaani hakuna aliyejua kama Bascombe imelaaniwa au imeokolewa. Marvalee aliinuka, magoti yakiwa na matope, akaanza kuondoka. Akaenda kidogo, akasimama. Aliweka mapezi yote mawili kwenye kichwa cha samaki, akakivua mwenyewe, mapema, bila kuombwa. Nywele zilikuwa zimemgandama usoni. Alimtazama Colby bila wavu katikati yao.

"Lakini nilipenda," akasema, na Sweetgum yote ikamsikia. "Kila Jumamosi, ulivyokuwa ukinitazama. Nilipenda sana."